SOMO LA UFUNDI WA MAGARI: KUPOZA MAFUTA YA USUKANI KATIKA GARI LILILOUNDWA NA CHAMA

Chama chenye gari moja hakina gari la akiba. Siku gari hilo linapolala kwa fundi, ndizi za Kinole na viungo vya Matombo hulala kando ya barabara, na mnunuzi wa Morogoro mjini hangoji. Somo hili lahusu kifaa kidogo ambacho aghalabu husahauliwa na wale wanaojiundia gari kwa kuunganisha sehemu za magari makuukuu, nacho ni kipoza mafuta ya usukani. Makatibu wasio mafundi wasiuruke ukurasa huu. Spana hushikwa na fundi, lakini fedha ya kununulia mafuta hupita mikononi mwa katibu, na mara nyingi dalili ya kwanza ya ugonjwa huu huonekana katika stakabadhi zake kabla haijaonekana katika injini.

Na ichukuliwe kwa mfano chama cha msingi kilichoko Kingolwira. Mfano umetungwa kwa ajili ya somo tu, ila dalili zake zinajulikana kwa kila fundi. Wanachama wamechanga fedha, wakapata chasisi ya lori dogo, injini ya dizeli yenye pampu ya usukani kutoka gari la pili, na boksi ya usukani kutoka gari la tatu. Fundi ameunganisha vyote, amechomelea bodi, na gari limekaguliwa na kusajiliwa kama sheria inavyotaka. Mwezi wa kwanza gari linakwenda Chalinze na kurudi kwa barabara kuu bila kulalamika. Mwezi wa pili linapitia Bigwa na kupanda Kinole kuchukua ndizi. Asubuhi usukani ni mwepesi. Ifikapo saa sita mchana, katika kona za mlima, pampu inaanza kulia, usukani unakuwa mzito, na ndani ya chupa ya mafuta kuna povu la rangi ya kahawia lenye harufu ya kuungua. Dereva anaongeza mafuta. Wiki ya pili anaongeza tena, na ya tatu vilevile.

Kujiundia gari si jambo geni katika Afrika Mashariki. Kibaha kuna kituo cha teknolojia ya magari kijulikanacho kwa jina la Nyumbu. Nchini Kenya, Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 kiunde gari la nchi, na mwaka 1990 magari ya mfano ya Nyayo yakaonyeshwa kwa wananchi. Mwaka 2022 mchora katuni Masoud Kipanya alizindua jijini Dar es Salaam gari dogo la umeme lililoundwa hapa nchini. Tofauti iliyopo ni kwamba kituo au chuo kikuu kina wahandisi wa kukokotoa kila jambo. Fundi wa chini ya mwembe hana mhandisi, naye hutegemea hesabu ambazo waliotengeneza magari yale ya awali walikwisha kuzifanya. Hesabu hizo zimo ndani ya vipande anavyovinunua, mradi asivitupe.

JOTO HUTOKA WAPI

Usukani wa nguvu hufanya kazi hivi. Mkanda wa injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta hadi kwenye boksi ya usukani, na mafuta hayo humsaidia dereva kugeuza magurudumu. Yakimaliza kazi hurudi kwenye chupa, na kutoka hapo huvutwa tena na pampu. Mhandisi wa Kimarekani Francis Davis, aliyekuwa akishughulika na malori ya kampuni ya Pierce-Arrow, ndiye aliyeufanya mpango huu ufae katika miaka ya 1920. Alitumia vali inayoyaacha mafuta yazunguke kwa uhuru wakati gari linakwenda moja kwa moja, na kuyabana pale tu usukani unapogeuzwa. Gari la kwanza la abiria kuuzwa likiwa na usukani wa namna hiyo lilikuwa Chrysler Imperial, mwaka 1951.

Katika maelezo hayo mafupi limo jibu la swali kwa nini gari la mfano wetu lilitulia katika barabara ya Chalinze na kuugua katika barabara ya Kinole. Kwenye barabara iliyonyooka mafuta huzunguka bila kubanwa, na joto ni dogo. Kwenye kona kali, gari likiwa limejaa mzigo na likitambaa kwa gia ya kwanza, mafuta hubanwa karibu muda wote. Shinikizo katika bomba la kutoka pampu laweza kufika kilo 80 au 100 kwa kila sentimita ya mraba. Ili jambo hili lieleweke, tairi la gari dogo hujazwa upepo wa kilo 2 hivi kwa kipimo hicho hicho.

Sasa ifanyike hesabu. Pampu ikisukuma lita 8 za mafuta kwa dakika kwa shinikizo la kilo 80, nguvu inayotumika ni wati 1,050 hivi, yaani sawa na jiko la umeme la koili moja lililowashwa mpaka mwisho. Dereva anapozungusha usukani hadi ukomo wake na kuendelea kuukaza pale, magurudumu hayasogei tena, kwa hiyo hakuna kazi inayofanyika. Vali ya usalama hufunguka, na nguvu yote ile hugeuka joto ndani ya mafuta. Lita moja ya mafuta ikipokea joto hilo bila kulipoteza popote hupanda kwa zaidi ya nyuzi 30 za Selsiasi katika dakika moja. Kwa kawaida mfumo mzima wa gari dogo hauna mafuta mengi kuliko lita moja au moja na nusu. Ndiyo maana mafundi huwakataza madereva kuushikilia usukani kwenye ukomo kwa zaidi ya sekunde tano.

Mafuta yakichemka kupita kiasi huwa mepesi kama maji, na pampu hushindwa kuyabana. Hapo ndipo usukani unapokuwa mzito. Sili za mpira ndani ya pampu na boksi hazikukusudiwa kukaa muda mrefu katika joto linalozidi nyuzi 100 hadi 120. Hukauka, hupasuka, na mafuta huanza kuvuja. Mafuta yakipungua, yale machache yaliyobaki hupata moto zaidi, na hewa huingia. Kila safari huiharakisha safari ya mwisho.

Yafaa dereva aelewe vizuri kwamba msaada wa mafuta ukikatika, usukani haukatiki. Fimbo na gia za chuma bado zimeungana na magurudumu, ila uzito wote humwangukia yeye. Anayelijua jambo hili ataukamata usukani kwa mikono miwili, atapunguza mwendo na kusimama mahali pa salama. Asiyelijua atadhani umevunjika, atahamaki, na kando ya barabara za Uluguru mahali pa kuhamaki ni pachache. Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana. Katika injini nyingi mkanda unaozungusha pampu ya usukani ndio huo huo unaozungusha pampu ya maji. Pampu ya usukani ikikwama, mkanda hukatika, na injini yenyewe huchemka. Hapo hasara ya sili moja imekuwa hasara ya injini.

BOMBA LILILOTUPWA

Katika magari mengi ya Kijapani yanayokatwa kwa ajili ya vipuri, bomba linalorudisha mafuta kutoka kwenye boksi haliendi moja kwa moja kwenye chupa. Huenda kwanza mbele ya rejeta, hupinda mara moja au mbili kama kipini cha nywele, kisha hurudi. Fundi anayeunda gari huliona kuwa refu bila sababu. Hulikata, akaunganisha boksi na chupa kwa kipande kifupi cha hosi, na kazi ikaonekana safi zaidi. Kwa hakika bomba lile lililopinda ndilo kipoza mafuta. Waliolipinda hawakuwa wakipoteza chuma.

Kwa hiyo, kabla chama hakijaidhinisha fedha za kununua kipoza kipya, katibu amwulize fundi swali moja: bomba la kurudishia mafuta la gari lililotoa pampu liko wapi? Likiwa bado liko kwenye uwanja wa vyuma chakavu, lirudishwe. Likiwa limekwisha uzwa kwa kilo, vipo vya kuchagua. Cha kwanza ni kupinda bomba jipya la chuma lenye upana wa milimita 10 hivi, kazi ambayo karakana yenye kifaa cha kupindia itaifanya. Kwa wa Morogoro yafaa kuuliza mafundi wa chuo cha VETA Kihonda au wajasiriamali wanaohudumiwa na SIDO. Cha pili ni kununua kipoza kidogo chenye mapezi, cha aina inayotumika kupoza mafuta ya gia boksi ya otomatiki, kutoka kwenye gari kuukuu. Hiki kisafishwe ndani kwa mafuta mepesi mpaka yatoke bila uchafu, kwa maana unga wa chuma wa gia boksi iliyokufa utaiua pampu nzima.

Wapo wanaochomoa mabomba ya nyuma ya friji. Jambo hili lapendeza kwa sababu mabomba hayo hupatikana bure, lakini halifai. Tundu lake ni jembamba mno. Mafuta hushindwa kupita, shinikizo hurudi nyuma hadi kwenye boksi, na sili za boksi ambazo hazikuumbwa kwa shinikizo hilo hufumuka. Bomba la shaba nalo, ingawa hupindika kwa urahisi, hugumu kwa mtikisiko wa barabara ya changarawe na baadaye hupasuka. Chuma ni bora.

NI BOMBA LIPI LIKATWE

Hapa ndipo penye kosa lenye gharama kubwa, na ni lazima fundi asiwe na haraka. Mabomba ni matatu. La kwanza hutoka kwenye pampu kwenda kwenye boksi. Hili ndilo lenye shinikizo kubwa, nalo hutambulikana kwa ncha zake za chuma zilizobanwa kiwandani na nati zilizokazwa kwa spana. Haliguswi kamwe. Hosi ya kawaida iliyofungwa kwa klipu ikiwekwa hapa itafumuka, na mafuta ya moto yatarukia ekzosi. Mafuta hayo huwaka.

La pili ni fupi na nene, kutoka kwenye chupa kwenda kwenye pampu. Nalo lisikatwe. Pampu huvuta kupitia bomba hili, na ikilazimishwa kuvuta kupitia kipoza itavuta hewa badala ya mafuta.

La tatu hutoka kwenye boksi kurudi kwenye chupa. Aghalabu ni hosi laini iliyofungwa kwa klipu, na shinikizo lake ni dogo, kilo chache tu. Kipoza huwekwa hapa, wala hakuna mahali pengine. Fundi mwenye shaka alifuate kila bomba kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa na imepoa.

MAHALI PA KUKIFUNGIA KIPOZA

Katika nchi za tambarare na barabara za lami, kipoza chaweza kuwekwa popote penye upepo wa mwendo. Kwa gari la Uluguru shauri ni tofauti. Joto kubwa hupatikana wakati gari linatambaa, na gari linalotambaa halina upepo wa mwendo. Kwa sababu hiyo mahali pema ni mbele ya rejeta, ambako feni ya injini huvuta hewa hata gari likiwa limesimama. Kiachwe nafasi ya sentimita 2 hivi, kisisuguane na rejeta, wala kisifungwe kwa waya uliopitishwa katika mapezi yake. Kifungwe kwenye mabano ya chuma yenye mpira katikati ili kupunguza mtikisiko. Matundu yake yatazame juu au pembeni ili hewa isibaki ndani.

Wapo watakaohoji kwamba kipoza mbele ya rejeta huipa injini hewa ya moto. Ni kweli, lakini kwa kipoza kidogo namna hii kiasi chenyewe ni kidogo. Adui mkubwa zaidi ni vumbi. Vumbi jekundu likichanganyika na mafuta yaliyovuja huziba mapezi kama udongo wa ukutani, na kipoza kilichozibwa hakina faida. Kisuguliwe kwa brashi laini na maji ya sabuni kila gari linapooshwa.

Hosi iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Hosi ya maji ya rejeta hulainika ikikaa na mafuta, ikavimba na kuchomoka. Ncha za bomba la chuma ziwe na uvimbe mdogo ili hosi isiteleze, na klipu ikazwe nyuma ya uvimbe huo. Hosi zipite mbali na ekzosi, mbali na mkanda, na magurudumu yakigeuzwa hadi ukomo pande zote mbili zisivutwe wala zisiguswe.

KUJAZA MAFUTA NA KUTOA HEWA

Mafuta yaliyoungua yasirudishwe. Yamwagwe katika debe na kuhifadhiwa kwa wanaonunua mafuta machafu, yasimwagwe mtaroni. Mto Ngerengere hupokea maji ya upande huu na kuyapeleka Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam.

Mafuta mapya yawe ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji wa pampu. Katika magari mengi ni yale mekundu ya gia boksi ya otomatiki. Hapa yatolewe maonyo mawili. Mafuta ya breki yasitiwe katika usukani hata kwa dharura, maana huharibu sili zake. Na mafuta ya usukani yasitiwe katika breki hata tone, maana mpira wa breki huvimba yakiugusa, na gari lisilo na breki kwenye mteremko wa Kinole ni jambo lisilohitaji maelezo. Chupa za mafuta hayo mawili zisiwekwe katika rafu moja ya stoo ya chama.

Mfumo ukishajazwa, magurudumu ya mbele yanyanyuliwe na kuwekwa juu ya vigingi imara. Jeki peke yake haitoshi. Injini ikiwa imezimwa, usukani uzungushwe polepole kutoka ukomo mmoja hadi wa pili, mara 20 au zaidi, huku mtu mwingine akitazama chupa na kuongeza mafuta yanaposhuka. Kazi hii yachosha, na mafundi wengi huiruka. Kuiruka ndiko kunakoleta povu. Baada ya hapo injini iwashwe, usukani uzungushwe tena bila kushikiliwa kwenye ukomo, kisha izimwe na mafuta yatazamwe. Yakiwa na povu, gari liachwe nusu saa na kazi irudiwe. Safari ya kwanza isiwe ya mlimani. Gari liende Bigwa na kurudi, lisimamishwe, na kila klipu ikaguliwe.

KIPOZA SI DAWA YA KILA UGONJWA

Ni makosa kufunga kipoza ili kuficha ubovu mwingine. Mkanda uliolegea, hosi iliyojikunja, pampu kubwa iliyounganishwa na boksi ndogo, mpira wa mbele usio na upepo wa kutosha, au mzigo uliozidi uwezo wa chasisi, vyote hupasha mafuta moto. Kipoza kitaahirisha tu siku ya kuharibika. Mambo hayo yachunguzwe kwanza, na baadhi yake hayagharimu senti.

Hapa katibu anayo sehemu yake. Katika daftari la gari pawe na ukurasa wa mafuta ya usukani peke yake: tarehe, kilomita, kiasi kilichoongezwa, njia iliyopitwa na jina la dereva. Mfumo wa usukani umefungwa, wala hauli mafuta kama injini. Gari linaloongezwa nusu lita kila wiki lina mahali linapovuja, na kamati ikiona jambo hilo katika daftari itaweza kuidhinisha kipoza na hosi mpya kabla haijalazimika kuidhinisha pampu. Tena daftari hilo litaonyesha kama mafuta hupungua baada ya kila safari ya Kinole na hayapungui baada ya safari ya Chalinze. Fundi atakayesomewa habari hiyo atajua pa kuanzia.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA KIKUNDI

1. Gari la chama hupita njia zipi, na ni zipi kati ya hizo ambazo dereva hutumia gia ya kwanza kwa muda mrefu?

2. Wajumbe waende kwenye gari pamoja na fundi. Je, bomba la kurudishia mafuta ya usukani liko wapi, na lapita mbele ya rejeta au la?

3. Katika stakabadhi za miezi sita iliyopita, chama kimenunua lita ngapi za mafuta ya usukani? Kama hakuna ajuaye, ni nani atakayeanza kuandika, na tangu lini?

4. Mwanachama mmoja ashika nafasi ya dereva: yuko mteremkoni, gari limejaa, usukani umekuwa mzito ghafla. Aeleze mbele ya kikundi atakayoyafanya, hatua kwa hatua.